Kabla Hujampa Mtu Zulia Lako Aende Nalo

Muosha mazulia wa kuaminika, hapa kwetu Malindi, humjui kwa povu wala kwa bei. Unamjua kwa maswali anayokuuliza kabla zulia halijaguswa na maji, na unamjua zaidi ukienda kuona anakolianika. Mengine yote, fulana za sare, picha za kabla na baada kwenye simu, maneno matamu mlangoni, hayo yamejaa kila mtaa.

Nasema haya kwa sababu mazulia yamekuwa sehemu ya maisha yangu kwa njia mbili. Naishi na mama katika nyumba ya ukoo, mtaa wa Shella, na sebuleni mwetu kuna zulia la sufu aliloliacha bibi. Upande wa Casuarina nasimamia vyumba vya wageni, na huko kuna mazulia ya kisasa, ya nyuzi za viwandani, ambayo wageni huyakanyaga na miguu yenye mchanga na mafuta ya kujipaka jua. Haya ya wageni yakiharibika nanunua mengine. La bibi halina mwenziwe. Babu alilinunua Mombasa, Bandari ya Kale, kwa mabaharia wa jahazi lililotoka Ghuba, enzi ambazo majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Uwanja wake ni mwekundu mzito, maua meupe, na mpaka wa buluu iliyokolea. Bibi alisalia juu yake, wajukuu tulilala juu yake, na maiti yake aliposhushwa kitandani ndilo lililokunjwa na kuwekwa kando ili watu wapate nafasi.

Ukiwa na kitu kama hicho ndani ya nyumba, huwezi kulichukulia jambo la kuosha kwa wepesi.

Na lazima lioshwe. Mji wetu hauna huruma na mazulia. Upepo wa bahari unaingia na unyevu wenye chumvi usiku kucha. Mchanga mweupe wa pwani unafuata ndara hadi chumbani. Kiangazi linashuka vumbi jekundu la upande wa bara, jembamba, linalopenya hata madirisha yaliyofungwa. Hapo hujataja paka wasio na mwenyewe, chai ya maziwa ya watoto, mchuzi wa Ijumaa, wala makaa yanayodondoka kwenye chetezo mtu akipitisha udi mbele ya wageni. Kufagia juu juu hakutoshi. Mchanga haukai juu, unashuka hadi kwenye mizizi ya manyoya, na kila mguu ukipita zile chembe zinakata nyuzi kama tupa. Zulia nyingi unazoziona zimenyonyoka katikati, njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, hazikuzeeka. Zimekatwa kidogo kidogo na mchanga.

Mara ya kwanza zulia la bibi lilipoharibiwa, lilichukuliwa na vijana waliopita mtaani na tuktuk, kabla ya Ramadhani, wakati kila nyumba inafanya usafi. Sitawataja na hata sijui kama bado wapo. Walikuwa wachangamfu. Bei yao ilikuwa chini ya kila mtu. Hawakuuliza zulia ni la nini, lina umri gani, limemwagikiwa na nini. Walilikunja, wakaliweka begani, na mmoja akaniambia, "Wala usijali dada, kesho asubuhi liko kwako, kavu kabisa."

Na kweli lilirudi asubuhi. Lilikuwa likinukia marashi ya dukani hadi jirani akauliza tumenunua nini. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Akaomba atandikiwe miguuni, kisha akainama akapitisha kiganja juu ya maua meupe, polepole, mbele na nyuma. Akanyamaza. Nilipoinama na mimi nikaona: wekundu wa uwanja umeingia ndani ya maua, kila ua lina ukungu wa waridi pembeni. Matamvua, zile nyuzi za pamba za ncha mbili ambazo bibi alikuwa akizichana kwa kitana, yamegeuka rangi ya chai. Na mahali palipokuwa na doa la zamani la kahawa, doa limetoka, lakini manyoya yamekuwa magumu, makavu, yanavunjika ukiyasugua kwa kidole.

Baada ya siku kadhaa marashi yakaisha na uvundo ukatoka chini yake.

Niliwapigia. Wakasema zulia lilikuwa kuukuu. Niliumia sana, na sioni haya kusema kwamba bado naumia, kwa sababu kuukuu si kosa la zulia. Zulia la sufu lililofumwa kwa mkono linaweza kuishi kuliko aliyelinunua, mradi mtu anayelishika anajua ameshika nini.

Nilichofanya baada ya hapo ni kuanza kuuliza watu wenye mazulia mengi, wala si watu wenye maneno mengi. Niliuliza katika duka linalouza mazulia, kwa sababu muuza zulia ndiye anayeletewa malalamiko na anajua ni nani anayeyaua. Nikamwomba mjomba aulize kwenye kamati ya msikiti wake. Kamati ya msikiti hutumia pesa za waumini, ikipeleka mazulia mahali yakarudi yananuka, Ijumaa yake jamaa wote watajua. Majibu ya pande mbili yaliangukia jina moja. Hilo kwangu lilikuwa na uzito kuliko matangazo yoyote.

Yule fundi alikuja mwenyewe, peke yake, akiwa na kimfuko. Akabisha hodi, akamwamkia mama, "Shikamoo mama," akangoja aitikiwe na akaribishwe ndipo akavua viatu. Kisha hakugusa zulia. Alikaa ukingoni mwa baraza akaanza kuuliza. Limetoka wapi? Liliwahi kuoshwa, na nani, na sabuni gani? Kuna mtoto mdogo anayelichezea? Paka analala hapo? Kuna mbwa nyumbani, au mgeni aliyewahi kuingia na mbwa? Hili doa lilikuwa ni kitu gani kabla halijawa hivi? Kuna mtu ana pumu? Nilikuwa sijawahi kuulizwa na muosha zulia hata swali moja, na pale nikaulizwa mpaka chai ikapoa.

Halafu akaligeuza pembe akaangalia mgongoni. Akatueleza kwamba lililofumwa kwa mkono, maua yake yanaonekana mgongoni karibu sawa na mbele, na matamvua yake ni mwendelezo wa zile nyuzi zilizobeba zulia zima, hayakushonewa. Yale ya mashine mara nyingi yana mgongo uliopakwa gundi, na matamvua yameshonewa baadaye ili kupendeza. Tofauti hiyo inabadilisha kazi yote. La gundi likilowekwa muda mrefu gundi inaachia na zulia linapata mabonge. Lenye mgongo wa juti, zile nyuzi za magunia, linaweza kunywea, na juti ikikawia kukauka hutoa rangi ya kahawia inayopanda hadi juu.

Kutoka kwenye mfuko akatoa kitambaa cheupe. Alikilowesha kidogo, akakikandamiza juu ya wekundu, akahesabu kimoyomoyo, akakiinua. Kilikuwa na kivuli cha waridi. "Hii inachuja, mama," akasema. "Waliomimina maji ya moto na sabuni ya unga hapa hawakuijaribu." Akarudia kwa buluu, kitambaa kikabaki cheupe. Akarudia kwa maji aliyotia siki nyeupe kidogo, wekundu ukatulia. Jaribio lote lilichukua muda mfupi kuliko kumaliza kikombe. Siku hizi, mtu yeyote akija kwangu kwa zulia la sufu bila kitambaa cheupe, huwa namshukuru kwa kuja na tunaagana.

Jambo la pili alilofanya, na hili ninalifanya mwenyewe sasa nikinunua mazulia ya wageni, ni kuchomoa uzi mmoja kutoka ukingoni na kuuchoma kwa kiberiti, nje uwani. Sufu ni nywele za kondoo, kwa hiyo inanuka nywele zilizoungua, moto wake hauna hamu ya kuendelea, na inaacha majivu unayoyasaga kwa vidole. Nyuzi za plastiki huyeyuka, zinaacha punje ngumu. Kuna na yale mazulia yanayong'aa ambayo madukani huitwa hariri. Mengi yake ni hariri bandia iliyotengenezwa kutokana na miti, na ukichoma inanuka karatasi. Hayo ndiyo yanayowalaghai watu: yakilowa nyuzi zake hudhoofika, na yakikauka hugeuka manjano na kukakamaa. Fundi wetu alisema waziwazi kwamba hayo huyapokea kwa shida, na mwenyewe huambiwa mapema yanaweza kurudi tofauti na yalivyokwenda.

Ndipo akatusomea yaliyotupata, doa kwa doa. Wekundu ulichuja kwa sababu ya maji ya moto na sabuni ya kufulia nguo, ambayo ni kali kwa sufu. Matamvua yalibadilika kwa sababu zulia lilikaa limelowa, likakauka kutoka juu kwenda chini, na uchafu wa ndani ukasafiri na maji mpaka ncha za pamba. Pale palipovunjika pamemiminwa jiki. Jiki ya maji tunayong'arishia kanzu nyeupe ni nzuri kwa pamba, lakini huyeyusha sufu. Ukiacha uzi wa sufu ndani ya jiki isiyochanganywa, baada ya muda hutaukuta uzi. Na uvundo, akasema, ni ukungu. Zulia halikuwa limekauka, lilikuwa limekauka uso tu, na marashi yakawekwa yafunike.

Kuhusu marashi nimekuwa mkali. Zulia linalorudi linanukia sana linanitia shaka papo hapo. Zulia safi la sufu lililokauka halina harufu ya kutaja. Udi tutautia wenyewe.

Nilikwenda kuona kwake kabla ya kumpa zulia, na nawasihi mfanye hivyo, hata kama ni mbali na jua ni kali. Sikukuta jengo la fahari. Nilikuta sakafu ya saruji iliyoinamishwa ili maji yashuke upande mmoja, mabomba ya chuma ya kutundikia, makuti juu ya sehemu kubwa ya uwanja, na tangi la maji. Pembeni, vijana wawili walikuwa wamelaza zulia kifudifudi juu ya vyuma, wanalipiga mgongoni kwa fimbo pana. Mchanga uliokuwa unamwagika chini ungejaza sufuria. Zulia lenyewe, ukilitazama kwa juu, lilikuwa linaonekana safi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi ya kuosha inaanza bila maji. Uchafu mwingi wa zulia ni mkavu: mchanga, vumbi, ngozi ya miili yetu, nywele. Ukiutoa ukiwa mkavu unatoka kwa urahisi. Ukiumwagia maji kwanza umeugeuza tope, na tope linashuka kwenye msingi wa zulia na kukaa. Wengi wanaotumia mashine ya presha ya kuoshea magari wanaruka hatua hii kwa sababu inachosha na haionekani kwa mteja. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa fundi yeyote mgeni ni hili: vumbi unalitoaje? Akijibu "maji yatalitoa", basi.

Swali la pili ni maji yanatoka wapi. Malindi hili si swali la ajabu. Maji ya mfereji tunayopata mjini yanatoka Baricho, kwenye visima vya kando ya Mto Sabaki, na ni maji baridi, yasiyo na chumvi. Lakini mgao ukibana, watu wanarudi kwenye visima vya uwani, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi na vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Maji hayo sabuni haishiki, inaacha utando. Na chumvi ikibaki ndani ya nyuzi, inavuta unyevu wa hewa kila usiku, ndiyo maana utalikuta zulia limeoshwa juzi na linanata chini ya nyayo kukipambazuka. Fundi wetu alikuwa na maji ya kisima kwa kusafisha sakafu na hatua ya kwanza ya mazulia ya plastiki, lakini kwa sufu, na kwa suuzo la mwisho la kila zulia, alifungua tangi la maji baridi. Nilimwomba nionje. Alicheka kidogo, akanikingia kwenye kikombe.

Kusuuza kwenyewe ndiko kunakotenganisha mafundi. Povu jingi linapendeza kwenye picha. Lakini sabuni iliyobaki ndani ya zulia inakamata vumbi, na zulia linachafuka haraka kuliko kabla halijaoshwa, hadi mwenyewe anadhani limechoka. Alinionyesha: anasuuza, anakwangua maji kwa mpira, anatazama yanayotoka. Yakiwa na weupe wowote anarudia.

Na kwetu kusuuza kuna jambo kubwa zaidi ya usafi wa macho. Zulia letu linasaliwa. Tumefundishwa chuoni, kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wetu pwani, kwamba kitu kilichoingiwa na najisi hakitwahariki kwa kupakwa povu na kupanguswa. Unaondoa ile najisi yenyewe, kisha maji safi yapite juu yake mpaka rangi, harufu na ladha viondoke. Na maji yakiwa machache, chini ya qullatayni, ambayo wengi huikadiria kuwa lita 200 hivi, yanamiminwa juu ya kitu, kitu hakitumbukizwi ndani yake, kwa sababu maji machache yakiguswa na najisi yananajisika yenyewe. Sasa fikiria muosha anayechovya brashi moja kwenye ndoo moja kwa mazulia ya nyumba tofauti, moja lina mkojo wa paka, jingine limelaliwa na mbwa wa mgeni. Linarudi linang'aa, na mama anaweka paji la uso juu yake.

Ndiyo sababu fundi aliuliza habari za mbwa. Hakuwa mdadisi. La mbwa linaoshwa mara saba, moja yake kwa udongo, na analitenga na mengine. Mkojo wa mtoto wa kiume anayenyonya, ambaye hajala chakula, una hukumu nyepesi, ya kunyunyiziwa maji. Mtoto aliyeanza uji ni habari nyingine. Nimewaambia wenye nyumba za kukodisha wasio Waislamu jambo hili pia, na wamelipenda, kwa sababu fundi anayejali maji yapite yote na yatoke yote ndiye huyo huyo anayeondoa harufu ya paka. Mkojo hukaa kwenye msingi wa zulia. Ukipulizia dawa juu, siku ya unyevu harufu inarudi palepale.

Mashine za kuosha zulia papo hapo nyumbani, zile zinazopulizia maji na kuyanyonya, sizikatai. Zulia lililogandishwa sakafuni, ukuta hadi ukuta, huwezi kulikunja ukalipeleka kwa fundi. Ila uliza inanyonya kwa nguvu kiasi gani, na likimalizwa weka kiganja: lisiwe linachuruza. Feni ziwashwe na madirisha yafunguliwe siku hiyo hiyo.

Kukausha ndiko nilikokawia zaidi katika ule uwanja, maana ndiko tulikoumia. Ukungu hauhitaji zaidi ya siku moja au mbili za unyevu ili uanze kuota, na hewa yetu inausaidia. Sufu nayo ina hila: inaweza kubeba maji karibu theluthi ya uzito wake na mkono usihisi kwamba imelowa. Kwa hiyo mtu anayekuahidi zulia nene la sufu kesho asubuhi, ama ana chumba cha mashine za kukaushia, jambo ambalo unaweza kwenda kulitazama, ama anakudanganya. Fundi wetu aliniambia, "Dada, sikupi siku. Likikauka nitakupigia." Kwa maisha ya haraka jibu hilo linakera. Kwangu lilikuwa jibu la kwanza la kweli.

Sehemu ya makuti ilikuwa na sababu yake. Jua letu la saa saba linakausha, lakini linapausha rangi vilevile. Mazulia ya plastiki aliyaanika juani. Ya sufu aliyatundika kivulini, kifudifudi, upepo ukipita pande zote mbili, na kila baada ya muda kijana anageuza ncha iliyoelekea chini ili maji yasikusanyike kwenye matamvua. Alikuwa na njia yake ya kupima: sufu iliyolowa inanuka mnyama, harufu ya kondoo. Anaweka pua kwenye mgongo wa zulia, katikati, penye unene. Harufu hiyo ikiwepo bado, halishuki.

Bei yake ilikuwa juu ya wale wa tuktuk, tena kwa mbali. Alipima kwa futi mbele yangu, urefu kwa upana, akasema bei ya futi moja ya sufu na ya plastiki, akaandika. La futi 6 kwa 9 ni futi 54 za mraba, hesabu unaifanya wewe mwenyewe pale pale. Ninachokikataa ni bei ya macho, "nipe hii tu mama," ambayo jioni inaongezewa ya madoa, ya usafiri, ya dawa maalumu. Tukakubaliana arbuni, salio likirudi zulia na nimelikagua. Alipiga picha madoa na nyuzi zilizokatika, akanitumia, na mimi nikapiga zangu. Akaandika kwenye daftari la risiti hali ya zulia lilivyopokelewa. Karatasi kama hiyo ina nguvu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora wa kufaa, ya kupewa habari anazozihitaji, na ya kufidiwa akipata hasara kwa huduma mbovu. Lakini haki hiyo utaidai kwa nini, kama huna hata jina la biashara wala nambari ya leseni ya kaunti? Sisi kwa wale vijana tulikuwa na nambari ya simu tu.

Kuna sentensi moja aliyoisema ambayo nadhani ndiyo iliyomfanya mama amkabidhi. Pembeni mwa zulia pana doa la hina, la harusi ya shangazi yangu mdogo, alipopakwa akiwa ameketi hapo. Fundi alilitazama kwa tochi, akasugua kidogo kwa kitambaa, akatikisa kichwa. "Hili halitoki, mama. Hina ni rangi, na imeshika sufu kama ilivyotakiwa kushika mkono. Nikilazimisha nitakutolea doa na zulia." Na kuhusu maua yaliyoingia waridi alisema anaweza kupunguza, hawezi kuyarudisha yalivyokuwa. Matamvua yatapungua wekundu wa chai. Pale palipovunjwa na jiki pasiguswe, kuna mtu wa kufuma anayeweza kupashona. Mama akamjibu, "Hina iache mwanangu. Ilikuwa ya heri."

Nimewasikia waosha wengi wakisema kila doa litatoka. Siku hizi nikiongea na fundi mpya kwa ajili ya vyumba vya Casuarina, namwonyesha doa ambalo najua halitoki, la mafuta yaliyokwisha kunyonywa na plastiki miaka. Plastiki haipendi maji lakini mafuta inayapenda. Naangalia atasema nini. Wapo vijana kadhaa wa kuosha magari waliosema, "Hilo dada litapungua tu," na hao nawapa kazi. Kwa mazulia ya wageni presha si kosa, ikishikwa kwa mbali, mgongo wa gundi usipasuliwe, na suuzo likafanywa sawasawa. Sina ubaguzi wa vifaa. Nina ubaguzi wa majibu.

Zulia la bibi lilirudi bila harufu yoyote. Nililigeuza, nikaweka pua mgongoni kama nilivyoona. Nikakunja pembe kuona kama kuna mchanga unaodondoka. Nikapitisha kitambaa cheupe kikavu, kikabaki cheupe. Maua bado yana kivuli, chepesi, ukijua unakitafuta. Nikalipa salio mbele ya mama.

Sasa tunaliosha baada ya miaka, si kila mwaka, maana kuosha nako kunachosha zulia. Katikati ya hapo tunaligeuza na kulipiga mgongoni uwani wenyewe, na tunaligeuza upande ili njia ya miguu isiwe moja. Likifika wakati, tunalipeleka kaskazi imeshika, Januari au Februari, hewa ikiwa kavu. Mwezi wa Mei, mvua za masika zinapokuwa kali na bahari yetu imegeuka rangi ya udongo kwa maji ya Sabaki, fundi hapokei sufu. Nilimpigia simu mwaka mmoja nikiwa na haraka, wageni wa arusi wanakuja, nikamwomba. Alinijibu niyafunike yale madoa kwa mkeka, na nimpelekee zulia mvua zikiisha.